Mtoto Akishafika Chuo, Nani Anamuuliza?

Habari ya mtoto kuchaguliwa chuo kikuu haikawii kufika kijijini kwetu Mwamgongo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Inakuja na boti kutoka Kibirizi, inapita Mtanga na ufukwe wa Hifadhi ya Gombe, na mpaka nanga inatupwa kwetu, wanawake wanaoanika dagaa wameshaipata. Mama mzazi anapongezwa njiani. Ndugu wanachangishana nauli, godoro na begi. Oktoba ikifika kijana anashuka Kigoma mjini, anapanda treni au basi hadi Dar es Salaam, na kilomita zaidi ya 1,200 zinamtenga na nyumbani. Tangu siku hiyo simu kwake zinakuwa za salamu tu: hujambo, sijambo, soma kwa bidii.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na ni mzaliwa wa hapa. Nimewaona wengi wakiondoka hivyo. Wengi wao wamerudi na shahada, na wengine wamerudi kimyakimya, hawataki kuulizwa. Kwa yale niliyoyaona, hao wa pili hawakushindwa kwa sababu ya akili. Vilivyowaangusha ni vitu viwili ambavyo sisi wazazi na walezi tunaweza kuvigusa tukiwa hapahapa ufukweni, yaani pesa inayokuja kwa wakati usiolingana na njaa, na ukimya.

Nianze na pesa. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inamkopesha mwanafunzi ada au sehemu yake, fedha za vitabu, za mafunzo kwa vitendo, na fedha za chakula na malazi. Hizi za mwisho ndizo wanafunzi wanaziita bumu. Zilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, zikapandishwa hadi 10,000. Hazitolewi kila siku wala kila wiki. Zinakuja kwa mafungu, kwa kawaida ya siku 60, mwanafunzi anasaini, na ghafla kijana ambaye hajawahi kushika laki mbili kwa pamoja anaziona laki sita kwenye akaunti.

Sasa tazama na upande wa nyumbani. Dagaa wetu wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, na pesa ya kijiji inapumzika nayo. Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Nauunga mkono uamuzi ule, kwa sababu ziwa lilikuwa linachoka. Lakini Juni na Julai ndiyo miezi ambayo vyuo vingi viko kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka. Mtoto wa mvuvi aliingia kwenye chumba cha mtihani wakati baba yake hana hata nauli ya Kibirizi.

Hapo kijana anafanya jambo ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri angelifanya: anatuma pesa nyumbani. Simlaumu, na hakuna mzazi wa kumlaumu. Ila tupige hesabu pamoja. Akitoa 150,000 kwenye fungu la 600,000, anabaki na 7,500 kwa siku, na humo kuna chumba, nauli, kutoa nakala, vocha na chakula. Wanafunzi wana neno lao, pasi ndefu: unakula mlo mmoja mzito mchana na huo ukufikishe kesho. Wanalisema wakicheka. Mimi nimemwona kijana aliyepiga pasi ndefu muhula mzima, na hakuwa na la kucheka.

Kuna pia suala la kulala. Asiyepata nafasi hosteli, na asiye na cha kupanga chumba mtaani, anaomba kubebwa, yaani wawili wanalala kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, na mmoja wao hatambuliki na chuo. Wanaita kubebana. Serikali imejitahidi. Hosteli zilizofunguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Aprili 2017 pekee zinachukua wanafunzi 3,840. Ila vijana wanaongezeka kuliko vitanda, na anayebebwa hawezi kulala mapema, hawezi kusomea chumbani, na akiugua anaogopa kusema anaishi wapi.

Haya ya pesa yanaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Yanaanza Juni, dirisha la maombi ya mkopo linapofunguliwa. Maombi yanafanyika kwenye mtandao, na mtandao wetu mnaujua. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa cheti cha kifo, nacho kihakikiwe, na hapa kwetu ni wangapi walizikwa bila cheti kufuatiliwa? Anatakiwa mdhamini, sahihi ya serikali ya kijiji, muhuri wa hakimu au wakili. Hakimu hakai Mwamgongo. Mtoto wa kaya maskini inayosaidiwa na mfuko wa TASAF anapewa kipaumbele, lakini kipaumbele hicho kinategemea karatasi. Nimeona mwenye haki ya mkopo mkubwa akipata mdogo kwa sababu karatasi moja ilichelewa boti. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto kidato cha tano, usingoje amalize. Fuatilia cheti sasa.

Nikiacha pesa, linabaki la pili, ukimya, na ndilo linaniuma zaidi.

Miaka ya 1970 kuelekea 1980, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani, palikuwa na mwalimu wa hesabu aitwaye Uri Treisman. Alikuwa akijiuliza kwa nini wanafunzi weusi wengi wanafeli hesabu za mwaka wa kwanza, ilhali shuleni walikuwa wanang'ara. Watu walimpa majibu ya haraka: umaskini, wazazi wasiosoma, uvivu. Hakuyapokea. Aliwafuata wanafunzi hadi wanakosomea akawatazama kwa miezi mingi. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Walisoma saa nyingi, ila kila mmoja alisoma peke yake, na alipokwama alikwama na siri yake. Wenzao wenye asili ya China walisoma peke yao, halafu jioni walikutana, wakala, wakasahihishana, wakaambiana mtihani uliopita uliulizwa nini. Treisman akaanzisha makundi ya kufanya hesabu pamoja, tena akawapa maswali magumu, kwa sababu hakutaka wajione wagonjwa wanaouguzwa. Matokeo yao yakapanda sana.

Nilipoisoma habari hiyo niliwaona watoto wa kwetu. Hapa hakuna anayeshusha wavu wa dagaa peke yake. Kuna wa taa, kuna wa kasia, kuna wa kamba, na mgeni anafundishwa akiwa ndani ya mtumbwi. Mtoto huyuhuyu akifika chuoni anajificha. Anakaa viti vya nyuma. Darasa lina mamia ya watu, mhadhiri anaongea Kiingereza cha haraka, na yeye Kiingereza alikianza kwa dhati kidato cha kwanza, akitoka kwenye nyumba inayoongea Kiswahili, Kiha au Kibembe. Anaogopa kuuliza asije akachekwa. Wenzake wanaunda vikundi vya majadiliano wiki ya kwanza, wengi wakifahamiana tangu shule za mjini, na yeye anangoja aitwe. Hakuna anayemwita.

Jaribio la kwanza linarudi na alama mbaya. Kisha la pili. Mwisho wa mwaka ana masomo mawili ya kurudia, sapu kama wanavyosema. Kwa mtoto wa mjini mwenye kaka aliyesoma, sapu ni usumbufu wa likizo. Kwa mtoto wa Mwamgongo ni aibu ya ukoo. Anadhani ameshadisko, yaani ameondolewa chuo, kumbe hajaondolewa. Anazima simu.

Mzazi wa kijana mmoja wa namna hiyo alinijia nyumbani. Ni mtu mzima, mvuvi wa siku nyingi. Nilimwamkia, tukakaa.

"Mwalimu," akasema, "yule mimi nilishamkabidhi kwa serikali. Inamlisha, inamsomesha. Sasa nimuulize nini, na mimi mwenyewe niliishia darasa la saba?"

"Mzee wangu," nikamwambia, "muulize kama amekula leo. Muulize anasoma na nani. Akikosa jina la kukutajia, nipigie."

Alinyamaza kidogo, akasema, "Hayo naweza."

Aliuliza, na kijana akasema ukweli kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Tulimpata akiwa amehamia chumbani kwa rafiki, haendi hata kuangalia matangazo. Mitihani ya kurudia ilikuwa Septemba, na muda ulikuwepo. Alirudi, akaifanya, akaendelea na mwaka wa pili. Hakuna mtaalamu aliyehitajika pale. Alihitajika baba wa kuuliza.

Wakati mwingine mtaalamu anahitajika kweli. Mtoto halali, hali, haongei, anaacha hata kuoga. Huku kwetu maneno mawili yanatangulia: karogwa, au kaharibiwa na mji. Naomba tulipe nafasi neno la tatu, sonona. Ni ugonjwa, una matibabu, na vijana wa umri wa chuo unawapata kama unavyowapata wengine. Vyuo vikuu vina ofisi ya mshauri au mlezi wa wanafunzi, na huko kuna washauri nasaha ambao kazi yao ni kusikiliza. Kuna zahanati ya chuo, na kadi ya bima ya afya ambayo kwa miaka mingi wanafunzi wamekuwa wakiilipia shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwenye kuugua au kufiwa anaweza kuomba kwa barua kufanya mtihani maalumu baadaye, au kuahirisha masomo na kurudi mwaka unaofuata akiwa na nafasi yake. Sharti aombe mapema, na vielelezo. Anayetoweka bila barua anahesabiwa ametoroka. Tofauti ya hao wawili ni karatasi moja, na mara nyingi ni mtu mmoja aliyemwambia kijana kuwa karatasi hiyo ipo.

Kwa mabinti nina neno la ziada. Vijiji hivi vya Gombe vimezoea kusomesha mabinti. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa mwaka 1994 na taasisi ya Jane Goodall, pamoja na kupanda miti ulifadhili masomo ya wasichana wa huku. Binti aliyefika chuo asikubali kuambiwa kuwa alama zake zina bei ya mwili wake. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na simu ya TAKUKURU ni 113, haina malipo. Mama, mwambie binti yako hayo waziwazi kabla hajapanda boti. Ukiona haya wewe kuyasema, yeye ataona haya zaidi kukueleza yakimpata.

Vyuo navyo nina la kuviomba. Siku ya kuwapokea wageni, mlezi wa wanafunzi anasimama ukumbini mbele ya maelfu, anajitambulisha kwa dakika kumi, basi. Mtoto wa kijijini haelewi kuwa yule mkubwa anaweza kuendewa kwa sababu ya njaa. Afadhali kila mwanafunzi mpya akabidhiwe mwenzake wa mwaka wa tatu, mwenye jina na namba ya simu, na mhadhiri anayeona alama zimeporomoka kwenye jaribio la kwanza amwite mwanafunzi mwenyewe, asingoje mtihani wa mwisho umhukumu. Hilo halihitaji jengo. Na Kigoma tujiandae pia, maana Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kinaleta kampasi mkoani kwetu. Watoto wa watu kutoka Lindi na Tanga watakuja kupanga vyumba vyetu na kununua dagaa wetu, na watakuwa wapweke kama wetu walivyokuwa kwao.

Wewe uliyemaliza chuo na unatoka ufukwe huu, popote ulipo, Dodoma, Mwanza au Dar es Salaam: chukua namba ya kijana mmoja anayeondoka Oktoba hii. Mpigie wiki ya sita ya muhula, bumu la kwanza linapokaribia kwisha na majaribio ya kwanza yanaporudi. Muulize kama amekula, na anasoma na nani.