Uhandisi kemikali ng'ambo: nani atalipa?

Mhitimu wa uhandisi kemikali wa Mlimani au wa Chuo Kikuu cha Moi anayetaka kuendelea na masomo ng'ambo huanza kwa kuuliza bei ya fomu. Swali hilo lina jibu jepesi, na jibu lenyewe linapotosha.

Tuseme unaomba vyuo sita. Marekani, ukikadiria dola 80 kwa chuo, ni dola 480. Panapodaiwa mtihani wa GRE ongeza 220, ingawa idara nyingi za fani hii zimeuacha. Ujerumani, vyuo vinavyopokea maombi kupitia uni-assist vinakugharimu euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata, jumla 225. Erasmus Mundus, mpango wa uzamili wa Umoja wa Ulaya, hautozi kitu. Hapo Marekani inaonekana ghali kupita kote.

Lakini anayekubaliwa kusoma uzamivu katika idara nzuri ya Marekani kwa kawaida halipi ada ya masomo. Idara humlipia, ikampa na posho, mara nyingi zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka, naye hufanya utafiti na kusaidia kufundisha. Fomu yake ya I-20 huonyesha ufadhili huo, hivyo hahangaiki kutafuta taarifa ya benki ya mjomba. Atajitafutia nauli, viza na dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni. Tena si lazima awe na uzamili. Shahada ya kwanza inatosha. Wengi kwetu hawalijui hilo, wakaishia kuomba uzamili kulekule Marekani, ambako aghalabu mwanafunzi hujilipia makumi ya maelfu ya dola. Kwangu hilo ndilo chaguo baya kuliko yote.

Ujerumani sifa yake ni elimu ya bure, na kwa vyuo vingi vya umma ni kweli, ukiacha mchango wa kila muhula. Ila jimbo la Baden-Württemberg, iliko KIT ya Karlsruhe, tangu 2017 hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na TUM ya Munich imeanza kuwatoza wa uzamili euro 4,000 au 6,000 kwa muhula. Kizuizi kikubwa zaidi ni akaunti ya kufungiwa: euro 11,904 ziwekwe kabla ya viza, kisha uruhusiwe kutoa 992 kila mwezi. Fedha ni zako, sawa, lakini ni nyumba ngapi zenye kiasi hicho kwa mkupuo?

Anayelenga kiwandani, kwenye sukari, saruji au bia, ana sababu ya kuiona miaka mitano ya uzamivu kuwa mingi mno. Huyo ajaribu ufadhili wa Erasmus Mundus, wenye posho ya euro 1,400 kwa mwezi bila ada ya masomo, au Chevening, mwaka mmoja Uingereza, ambayo hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Ushindani ni mkali kote kuwili.

Dalali anayetoza kukujazia fomu mpite. Fomu utaijaza mwenyewe mtandaoni, na barua tatu za mapendekezo za walimu wanaokujua dalali hana pa kuzipata. Waombe walimu Septemba, maana maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba. Wakati huohuo andikia kila idara kuomba usamehewe ada ya maombi. Baadhi husamehe, mradi uombe kabla hujalipa.