Filamu Zinavyohifadhi Kumbukumbu za Ukoloni Kusini mwa Tanzania

Mto Ruvuma huanzia katika milima ya Matogoro, karibu na Songea, na kuingia Bahari ya Hindi katika pwani ya Mtwara, ambako ipo pia Madimba. Leo Madimba inafahamika zaidi kwa kiwanda cha kuchakata gesi asilia. Hata hivyo, ukanda wote wa kusini unaunganishwa na historia ya Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambayo sasa inasimuliwa pia kwa njia ya filamu.

Miongoni mwa filamu hizo ni The Empty Grave, yaani kaburi tupu, iliyoongozwa na Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner na kuoneshwa katika Tamasha la Filamu la Berlin mwezi Februari, 2024. Sehemu ya filamu hiyo inaifuatilia familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na utawala wa Kijerumani mwaka 1906. Familia inatafuta fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na familia hiyo na kuomba msamaha. Hata hivyo, kwa wanafamilia, mazishi ya mwili usio na kichwa hayajakamilika.

Zamani kamera haikuwa mikononi mwa wenye historia. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa sinema wa wakati wa ukoloni wa Uingereza, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu 35 zilizowaelekeza Waafrika kuhusu kilimo, afya na ulipaji kodi. Mwafrika alioneshwa kama mtu wa kufundishwa, si mwenye jambo la kusimulia.

Hali hiyo imebadilika. Katika filamu fupi ya Shoeshine ya mwaka 2013, mwongozaji Amil Shivji anamweka katikati ya hadithi mtoto mng'arisha viatu wa Dar es Salaam pamoja na ndoto zake. Hapo hata mtoto anatambuliwa kuwa na fikra zake mwenyewe.

Funzo hilo lina uzito kwa Madimba na vijiji jirani. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1947, ulipoanza Mpango wa Karanga ulioleta ujenzi wa bandari ya Mtwara, sasa anakaribia miaka 90. Aliyoyaona na kuyawaza utotoni hayamo katika nyaraka za watawala, na asiporekodiwa mapema yatapotea.

Wananchi wanaokusudia kutengeneza filamu kwa ajili ya kuoneshwa hadharani wanapaswa kupata kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 1976. Kibali huweza kusubiriwa. Kumbukumbu za wazee hazisubiri.