"Savvy": neno lililonikosesha kazi

Wandugu, na hasa wadogo zangu mungali kwenye fakilte, leo siongei siasa. Naongea neno moja la Kiingereza lenye herufi tano, juu lilinikosesha kazi.

Ilikuwa Goma. Mimi ni mtoto wa Vitshumbi, nilimaliza sosholojia, na kama wengi wenu nilikuwa nashinda kwenye simu nikisoma ofa za kazi. Mnazijua: zinaandikwa Kiingereza hata kama kazi yenyewe itafanyika Rutshuru kwa Kiswahili toka asubuhi mpaka jioni. Ofa moja ilitaka mtu aliye "computer savvy" na "politically savvy". Ya kwanza niliielewa, ni mtu anayeweza kompyuta. Ya pili niliitafuta kwenye simu, ikaniletea neno "mjanja". Nikaridhika.

Siku ya interviu wakaniuliza hiki kipengele cha pili nakielewa namna gani. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: "Mimi ni mujanja wa politiki." Wale watatu wakaangaliana. Mmoja akaandika kitu. Mwingine akaniuliza, kwa sauti ya upole, kama nimeshawahi kushika pesa za shirika lolote.

Hawakuniita tena. Hasira ikanifanya nilifuate hilo neno mpaka lilikozaliwa, na safari yake ni ndefu kuliko nilivyodhani.

Mzizi wake ni kitenzi cha Kilatini, sapere. Maana yake ya kwanza haikuwa kujua. Ilikuwa kuonja. Mtu mwenye ulimi unaotofautisha chumvi na uchungu ndiye aliyehesabiwa baadaye kuwa mtu mwenye busara. Toka hapo Wafaransa wakapata savoir, yaani kujua, na pia saveur, yaani ladha. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tumeyatamka yote mawili miaka yote bila kuona kwamba ni ndugu. Hata lile jina la Kilatini tulilokariri kwenye biolojia, Homo sapiens, limetoka humo humo. Wareno na Wahispania wakabaki na saber. Ukimuuliza Mreno kama mtu fulani anajua kitu, atakujibu "sabe".

Sasa Wareno ndio walioshuka pwani ya Afrika ya Magharibi karne ya 15, wakifanya biashara na watu wasioelewa lugha yao. Walifika mpaka mdomo wa mto Kongo, Diogo Cão akiwa wa kwanza, miaka ya 1480. Kwenye biashara ya namna ile neno la kwanza unalolihitaji ni "unaelewa?" Kwa hiyo "sabe" likabaki midomoni mwa watu wa pwani, likageuka "sabi", na Wareno walipopunguka na Waingereza wakaongezeka, neno halikuondoka. Mpaka leo Mnaijeria akiongea pijini, "sabi" ni kujua. Mnaoskiliza muziki wa Lagos mumeshalisikia mara mia.

Likavuka bahari pia, na hapa inabidi tutulie kidogo. Halikuvuka kwa ndege. Lilivuka na watu waliofungwa minyororo. Kule Suriname, kwenye lugha iliyozaliwa mashambani mwa watumwa, kujua ni "sabi" vilevile. Visiwa vya Karibi vililijua. Lilifika mbali hadi Papua New Guinea, ambako wanaandika "save" na maana ni ile ile. Mabaharia walilibeba kutoka bandari moja kwenda nyingine. Mwaka 1785 Mwingereza Francis Grose alitoa kamusi ya maneno ya mtaani, yale ambayo watu wa heshima hawakuyatumia mezani, na neno hili limo, likiwa na maana ya akili, ufahamu. Lilihesabika kuwa Kiingereza kibovu, Kiingereza cha mtumwa. Ilibidi kungoja mwanzo wa karne ya 20 ndipo likaanza kutumika kumsifu mtu: fulani ni savvy.

Fikirini hiyo. Neno lililochekwa kwenye midomo ya watu weusi ndilo leo linawekwa kwenye ofa ya kazi, na mwana wa Kongo anakataliwa juu hajui kulifasiri.

Mtaniuliza: kama Wareno walifika na kwetu mashariki, mbona Kiswahili hakikuchukua sabi? Vasco da Gama alipita Mombasa mwaka 1498, na ngome ya Fort Jesus walianza kuijenga mwaka 1593. Walituachia meza, bendera, leso, na gereza (ambalo kwao lilikuwa kanisa, sisi tukalifanya jela, kila mtu aelewe anavyotaka). Maoni yangu ni haya: pwani ile tayari ilikuwa na lugha yake ya biashara. Hakuna aliyehitaji kuazima neno la kujua. Mreno ndiye aliyelazimika kuuliza "unajua?"

Turudi kwenye kosa langu. Kiingereza kina maneno mengi ya jamii hii, na kila moja lina tabia yake. "Shrewd" limetoka kwenye jina la mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu, ambaye zamani waliamini ana sumu. Mtu shrewd alikuwa mtu mbaya, basi. Polepole ubaya ukapunguka, ukabaki ukali wa akili, na leo mfanyabiashara akiitwa hivyo anafurahi. "Cunning" lilitembea njia ya kinyume: lilitokana na kitenzi cha kujua, lilikuwa sifa ya fundi hodari, sasa ni mtu wa hila. Savvy halikupitia ubaya. Ni kujua kwa mtu aliyeonja. Halina harufu ya udanganyifu.

Ila "mjanja" letu lina hiyo harufu. Nairobi watakuambia mjanja ni mtu aliyefunguka macho, ni sifa. Kwetu, sema kwa mkubwa wa kazi kwamba wewe ni mujanja, umejishtaki mwenyewe. Na maneno yetu mengine? "Akili" ni la Kiarabu, na mzizi wake unahusu kumfunga ngamia miguu kwa kamba asipotee. Akili ni kile kinachokufunga usiende ovyo. "Mayele" la Kilingala linakaribia sana savvy, ingawa nalo ukilitamka kwa sauti fulani mtu anashika mfuko wake. Halafu kuna kujidebruye, na mfalme wao wote, Artikle 15. Husimuliwa kwamba kilikuwa kipengele cha katiba ya Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji, mwaka 1960: jitegemeeni wenyewe. Ni utani kuliko sheria, lakini Pepe Kallé aliuimba na nchi nzima imeuishi. Toka benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, mwalimu anayetafuta njia ya kushika mshahara wake anaujua kuliko mwanasheria.

Lakini aliyenifungua macho kabisa si kamusi. Ni baba yangu mudogo, mvuvi.

Kwa wasiofika: Vitshumbi iko kwenye ukingo wa kusini wa ziwa Edouard, ndani ya parke ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Si karibu na parke. Ndani. Viboko wanapita kati ya nyumba usiku, tembo wanakuja, marabu wanasimama sokoni kama mashefu wakingoja matumbo ya samaki. Uvuvi unaruhusiwa kwa masharti: pirogi zenye ruhusa, nyavu zenye matundu makubwa, na sehemu ambako samaki wanazalia haziguswi. Baba mudogo hakumaliza shule ya msingi. Anaingiza mkono majini kabla ya kutupa wavu, ananyamaza, halafu anasema twende huku au turudi. Sijawahi kumuelewa.

Nilimsimulia habari ya interviu. Nilifikiri atacheka. Akauliza tu:

"Uliwaambia weye ni mujanja?"

"Ndiyo, baba."

"Mutoto yangu, mujanja tunamujua hapa. Ni ule anaingia usiku na wavu ya matundu kidogo, anabeba mpaka batoto ya tilapia. Kesho yake anakula muzuri. Kisha miaka tano siye bote tunalala njaa. Ule ndiye mujanja."

"Na weye je?"

"Miye? Miye niko najua mayi."

Basi. Nilikuwa nimesafiri mpaka Lisbon na Suriname kutafuta tofauti ambayo mzee huyu anaishika mkononi kila alfajiri. Anajua mayi. Wale watu wa shirika hawakuwa wanatafuta mtu wa hila. Walitaka mtu anayeweza kuingia kijijini, akahisi nani ana neno na nani anaogopa, shefu anasalimiwa kabla ya nani, swali gani lisiulizwe mbele ya watu wenye silaha. Hiyo kazi niliiweza! Nimekulia mahali ambapo mvuvi, mlinzi wa parke, askari na mama muuza samaki wanapaswa kuishi kwenye kipande kimoja cha ardhi. Nilikuwa na kile walichokitaka, nikakiita kwa jina la mwizi.

Na hapa nawalaumu kidogo hata wao. Unamhoji mtu kwa Kiswahili kuhusu neno la Kiingereza ambalo wewe mwenyewe hujalitafutia jina, halafu unamhukumu kwa jina alilokosea. Lakini hasira hiyo haikulipi kodi ya nyumba, nimeshajaribu.

Wiki iliyopita nimetuma barua nyingine, shirika lingine, Kiingereza kile kile. Safari hii sikufasiri. Nimeandika mistari minne kuhusu mkutano mmoja wa wavuvi niliosaidia kuutuliza, nani alikuwa amekaa wapi, na kwa nini niliomba mama mmoja aongee kabla ya wanaume. Bado sijajibiwa.

Ila bado natafuta neno letu moja la savvy, lisilo na harufu ya mwizi. Baba mudogo anasema "kujua mayi", lakini jaribu kuliandika kwenye CV uone. Wa Butembo, wa Bukavu, wa Uvira, na ninyi muliovuka mpaka Kampala na Nairobi: kwenu munamuitaje mtu wa namna hii?