Ainisho Jipya Lisifute Kazi ya Jana

Nchini Marekani, mkandarasi anayepewa na serikali kuu kazi ya kujenga au kukarabati jengo la umma, kwa mkataba unaozidi dola 2,000, hawezi kumlipa fundi apendavyo. Sheria ya Davis-Bacon, iliyotiwa saini na Rais Herbert Hoover mwezi Machi 1931, uchumi ukiwa umeanguka na watu wakigombania kibarua chochote, inamtaka alipe angalau ujira unaolipwa katika eneo lile kwa kazi ya aina ile. Uzito wote uko katika maneno hayo ya mwisho. Seremala ana kiwango chake, mwashi ana chake, fundi umeme ana chake, na kibarua wa kubeba zege naye ana chake. Viwango hivyo hutangazwa na Wizara ya Kazi. Kila wiki mkandarasi huwasilisha orodha ya malipo, mara nyingi kwa fomu ya WH-347, akionyesha kila mfanyakazi, ainisho la kazi yake, saa alizofanya na alicholipwa, kisha anaweka saini chini ya tamko kwamba yote ni kweli. Anayesaini uongo anaweza kufikishwa mahakamani.

Zamani ainisho hilo liliandikwa kwa kalamu. Leo kampuni nyingi huliweka ndani ya programu ya kusimamia ujenzi, kama Procore ya California, na msimamizi wa saiti hulichagua kwenye simu anapojaza saa za kikosi chake. Programu ya mishahara, ambayo aghalabu ni ya kampuni nyingine, huzifuata taarifa hizo kupitia API, yaani utaratibu maalumu unaoiwezesha programu moja kusoma na kuandika rekodi za nyingine bila mtu kugusa kibodi. Katika utaratibu huo kuna amri iitwayo PATCH, iliyopata kiwango chake rasmi cha intaneti mwaka 2010. Mwenye kuitumia hupeleka kile tu anachotaka kibadilike, na sehemu nyingine za rekodi hubaki kama zilivyokuwa. Ni amri nzuri kwa anwani ya ofisi au namba ya simu. Kwa ainisho la kazi inahitaji uangalifu mkubwa, na sababu yake iko katika namna hifadhidata zinavyopangwa.

Ainisho huhifadhiwa mara moja tu, likiwa na namba yake ya utambulisho. Kadi za saa, hata zikiwa maelfu, kwa kawaida hazibebi jina la ainisho. Zinabeba namba ile. Tuseme ofisi ina ainisho namba 14 liitwalo “Kibarua”, kisha mtu akatuma amri moja ya kuligeuza kuwa “Msuka nondo”. Kazi ya kesho imepata jina jipya, lakini hata kadi za miezi sita iliyopita, zikisomwa leo, zitasema kwamba watu wale walikuwa wakisuka nondo. Kama walilipwa ujira wa kibarua, ripoti inaonyesha kwamba walipunjwa. Na mabadiliko yakienda upande wa pili, msuka nondo akageuzwa kibarua, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu upunjaji wa kweli unafunikwa na mtu anayedai haki yake hana pa kuushika ushahidi. Ndiyo maana nashikilia kwamba ainisho lililokwisha kutumika kwenye kadi hata moja lisibadilishwe maana. Lifungwe, na jipya lifunguliwe kwa namba yake na tarehe yake ya kuanza.

Sheria yenyewe inaelekea huko. Inamtaka mkandarasi atunze kumbukumbu za malipo kwa miaka 3 baada ya mradi kumalizika, ili mkaguzi aweze kurudi nyuma. Inaruhusu mtu aliyefanya kazi za aina mbili katika wiki moja alipwe viwango viwili, ila kwa sharti kwamba saa za kila kazi zimeandikwa kwa usahihi. Na mwanagenzi anaweza kulipwa pungufu ya fundi kamili pale tu anapokuwa amesajiliwa katika mpango wa mafunzo unaotambuliwa. Siku anapohitimu, ujira wake unapanda kuanzia siku hiyo. Programu isiyojua tarehe haiwezi kutofautisha wiki aliyokuwa mwanagenzi na wiki aliyokuwa fundi, ingawa mtu ni yuleyule na nyundo ni ileile.

Wapo watakaosema kwamba orodha itajaa maainisho yaliyokufa, na msimamizi atapotea akitafuta la kuchagua. Hofu hiyo ina dawa rahisi: ainisho lililofungwa liwekewe alama ya kutotumika, lisionekane kwenye simu ya saiti, ila libaki likisomeka katika kumbukumbu. Wengine watauliza kuhusu makosa ya herufi. Hayo yasahihishwe bila wasiwasi, maana “Seremla” akiwa “Seremala” hakuna saa wala senti iliyohama. Hoja nzito kuliko hizo ni ya wahandisi wa programu, kwamba mfumo mzuri huweka daftari la mabadiliko, nani amebadilisha nini na saa ngapi. Ni kweli, na daftari hilo ni la lazima. Lakini programu ya mishahara inapochota taarifa haisomi daftari. Inasoma jina lililopo wakati huo. Mkaguzi atakuwa na fomu iliyosainiwa mwezi Januari mkono mmoja, na ripoti ya Agosti mkono wa pili, na karatasi hizo mbili hazitapatana. Daftari litasaidia kueleza kilichotokea baada ya mgogoro kuanza, nao mgogoro wenyewe ungeweza kuepukwa.

Kuna pia hatari ya programu mbili kuandika rekodi moja. Ofisi ya mishahara inarekebisha ainisho asubuhi, na usiku mfumo wa ujenzi unarudisha la zamani, kila upande ukiamini kwamba ndio wenye neno la mwisho. Lazima iamuliwe mapema ni mfumo upi unaotawala maainisho, na huo mwingine usome tu. Ruhusa ya kuandika kupitia API wapewe watu wachache wanaojulikana kwa majina.

Anayeguswa zaidi na haya yote hana ruhusa yoyote katika mfumo. Sheria inataka tangazo la viwango vya ujira libandikwe saiti mahali ambapo wafanyakazi wote wanaliona, kwa hiyo msuka nondo anajua kazi yake inalipwa kiasi gani. Asichokiona ni ainisho aliloandikiwa yeye kwenye programu, hadi mshahara utoke. Programu inayoweza kubadilisha rekodi kwa sekunde moja haishindwi kumtumia ujumbe kwenye simu siku hiyohiyo, ukimtajia ainisho lake na saa zake, apate kupinga kabla ya malipo, akiwa bado anakumbuka Jumanne alifanya kazi gani.