Kwa Nini Vipindi vya Muziki vya Televisheni ya Burundi Havionekani Tena

Miongoni mwa vijana wenye asili ya Burundi waliozaliwa Ulaya limezoeleka dai kwamba nchi ya wazazi wao haikuwa na vipindi vya muziki vya televisheni vinavyostahili kukumbukwa kabla ya zama za intaneti, na hoja pekee inayotolewa ni kwamba mtu akivitafuta mtandaoni havipati. Dai hilo si la kweli, na linaumiza zaidi linapotoka kwa mtumishi wa taasisi ya kumbukumbu ya Ubelgiji, ambaye kazi yake yamkini imemfundisha kwamba kutoonekana kwa kitu si ushahidi wa kutokuwepo kwake. Makala haya yanaeleza jinsi vipindi vya aina hiyo vilivyokuwa vikitengenezwa, sababu zinazovifanya vitoweke machoni pa watu, na kwa nini lawama ya uzembe wa kutotunza kanda wanayotupiwa Warundi haina msingi; na kama maelezo yataonekana kuwa makali mahali fulani, ukali huo una sababu yake, nayo itatajwa.

Televisheni ya taifa ya Burundi ilianza kurusha matangazo mwaka 1984, katika utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, chini ya shirika la redio na televisheni linalojulikana kwa herufi RTNB, na mwaka uleule, mwezi Desemba, Bujumbura ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wakuu wa nchi za Ufaransa na Afrika. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, Uganda tangu 1963, na Zaire, yaani Kongo ya Kinshasa, tangu 1966, ilhali Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na moja kwa moja kwa picha za rangi; lakini Rwanda ilisubiri hadi 1992 na Tanzania Bara hadi 1994. Burundi, kwa hiyo, haikuwa ya mwisho katika eneo hili, na kwa miaka kadhaa wakazi wa Bujumbura walikuwa na kituo chao cha kutazama wakati wakazi wa Kigali na Dar es Salaam hawakuwa nacho.

Muziki wa kujaza vipindi haukukosekana. Huo ulikuwa wakati wa bendi ya Amabano, wakati wa Canjo Amissi, ambaye sauti yake iliunganisha mapigo ya asili na ala za kisasa, na wakati wa Jean-Christophe Matata, aliyeongoza bendi ya Africa Nil na ambaye baadaye aliishi Ubelgiji. Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza mjini Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho lugha ya barazani na sokoni, muziki wa Zaire ulivuka mpaka wa Uvira bila kuhitaji viza, na waliobahatika kuona matangazo ya Kinshasa walilijua jina la Variétés Samedi Soir, kipindi cha burudani cha Jumamosi usiku kilichokuwa jukwaa la bendi kubwa za nchi ile.

Utengenezaji wa kipindi cha muziki katika vituo vidogo vya wakati huo ulifuata utaratibu ambao mtazamaji wa nyumbani hakuujua. Sauti ilirekodiwa kwanza, mara nyingi katika studio ya redio, kwa kuwa redio ndiyo iliyokuwa na vinasa sauti bora na mafundi wazoefu. Kisha siku nyingine wanamuziki waliitwa mbele ya kamera, wimbo wao ukapigwa kutoka kwenye mkanda, nao wakafungua midomo na kupapasa nyuzi kana kwamba wanapiga wakati huohuo. Utaratibu huo huitwa plebaki, na dalili yake ni rahisi kuitambua: gitaa la umeme halina waya unaotoka kwenda kwenye kikuza sauti, na mpiga dramu hugusa tu ngozi bila kuipiga, ili kelele yake isiufunike mkanda unaomwongoza. Wanamuziki walitoka jasho chini ya taa ambazo zilikuwa za moto mno, kwa sababu kamera za zamani zilihitaji mwanga mwingi ili rangi zionekane sawasawa, na aliyekosea mdomo alilazimika kurudia wimbo mzima, maana kukata na kuunganisha kanda kulikuwa kazi ya muda mrefu.

Ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika, zilikuwa na matatizo yao mbele ya mitambo. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo inayoongoza, ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia pigo lisilobadilika. Lakini kipaza sauti kimoja kilichowekwa karibu na inkiranya huielemea sauti ya nyingine zote, na kikiwekwa mbali huleta ngurumo moja isiyotofautishika, hasa ndani ya chumba chenye kuta ngumu. Kwa hiyo mahali pazuri pa kuzirekodi palikuwa nje, uwanjani, na fundi aliyeweza kukaa na sindano ya kipimo cha sauti bila kuiruhusu ipite alama nyekundu alikuwa na ujuzi ambao hakuna cheti kilichoutambua.

Sababu ya kwanza ya vipindi kama hivyo kupotea ni bei ya kanda. Vituo vya wakati huo vilitumia U-matic, yaani kaseti kubwa yenye mkanda wa upana wa robo tatu ya inchi iliyoingia sokoni mwaka 1971, na baadaye Betacam, iliyotoka mwaka 1982. Zote ziliagizwa kwa fedha za kigeni, na zote zilikuwa na sifa ya kufutika na kurekodiwa upya. Msimamizi aliyekuwa na taarifa ya habari ya kesho na rafu isiyo na kanda mpya alifanya uamuzi ambao msimamizi yeyote angeufanya. Shirika la BBC la Uingereza, lenye fedha zisizolinganishwa na za Bujumbura, lilifanya hivyohivyo: kipindi chake cha Top of the Pops, kilichoanza tarehe 1 Januari 1964, kimepoteza sehemu kubwa ya matoleo ya miaka yake ya mwanzo, likiwemo lile la Juni 1966 ambalo Beatles walifika wenyewe studioni. Sekunde 11 za onyesho hilo zilizotangazwa kupatikana mwaka 2019 ziliokolewa na familia moja ya Liverpool iliyoelekeza kamera yake ya filamu ya milimita 8 kwenye kioo cha televisheni sebuleni. Hakuna anayesema kwamba Waingereza hawakuwa na muziki.

Sababu ya pili ni hali ya hewa na mitambo. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku juu ya mkanda hunyonya unyevu, na katika mji wa joto ulio kando ya Ziwa Tanganyika gundi hiyo hulainika hadi mkanda ukanata kwenye kichwa cha mashine na kuchubuka. Mashine zenyewe huharibika, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Kisha ikaja historia: mauaji ya Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993 na vita vilivyofuata, vikwazo vya kiuchumi vya nchi jirani kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, vilivyofanya kila bidhaa ya kuagizwa kuwa adimu, na mapigano ya Mei 2015, ambapo majengo ya RTNB yaligombewa kwa silaha na vituo kadhaa vya binafsi, kikiwemo kituo cha televisheni cha Renaissance, vikaharibiwa.

Ubelgiji haikupitia mambo hayo katika kipindi hicho, na ni haki kueleza jinsi nchi hiyo inavyotunza picha zake, kwa kuwa utaratibu wake ni wa ajabu hata kwa wanaoishi humo. Televisheni ya Ubelgiji ilianza mwaka 1953 kama shirika moja, lakini nchi hiyo imegawanyika kwa lugha katika karibu kila jambo la umma, na shirika hilo nalo likagawanyika: wasemaji wa Kifaransa wana RTBF, wasemaji wa Kiholanzi wana VRT, na wasemaji wa Kijerumani, walio wachache upande wa mashariki, wana BRF. Kwa miongo mingi RTBF na VRT zimekuwa jirani katika majengo ya barabara ya Reyers mjini Brussels, kila moja na milango yake, studio zake na ghala lake.

Mgawanyiko huo umeingia hadi kwenye kumbukumbu. Picha za zamani za RTBF zilikabidhiwa Sonuma, kampuni iliyoundwa mwaka 2009 mjini Liège kwa kazi ya kuzigeuza kuwa za dijitali, ilhali za upande wa Kiholanzi hushughulikiwa na taasisi ya meemoo mjini Ghent. Mwanamuziki wa Kiafrika aliyepiga Brussels katika miaka ya 1980 anaweza kuwa katika ghala la upande mmoja, la upande mwingine, au yote mawili, na anayemtafuta hupaswa kujua mapema ni lugha gani mtangazaji alizungumza usiku ule. Zaidi ya hapo iko haki ya kituo juu ya matangazo yake, ambayo katika Umoja wa Ulaya hudumu miaka 50, hivi kwamba kipindi kilichorushwa mwaka 1984 kitabaki chini ya haki hiyo hadi mwisho wa 2034.

Ofisi moja ya kumbukumbu ya Ubelgiji, iliyoombwa na mwandishi wa makala haya kutafuta onyesho la wanamuziki wa Burundi, ilijibu kwa fomu iliyotaka tarehe kamili ya kurushwa na jina kamili la kipindi, na ilipoelezwa kwamba tarehe haijulikani ikaongeza kuwa huenda onyesho hilo halikuwahi kuwepo. Nchi iliyotawala Burundi hadi 1962, na ambayo makumbusho yake ya Tervuren yanahifadhi filamu zilizopigwa katika makoloni yake bila aliyepigwa kuombwa fomu yoyote, ina wajibu wa adabu zaidi ya hiyo. Huko Bujumbura mzee akiulizwa asichokijua humtuma muulizaji kwa mzee mwingine. Hamwambii kwamba alichokiona hakikuwepo.

Watoto wa mwandishi, ambao wamezaliwa Ubelgiji, ndio walioipokea fomu hiyo kwa namna yenye manufaa zaidi. Mtoto mkubwa alikuwa na kazi ya shule kuhusu televisheni ya enzi za mababu, na wenzake walileta picha za Sonuma zilizo wazi na zenye tarehe, ilhali yeye aliambulia kaseti ya VHS ya familia iliyorekodiwa Bujumbura. Kaseti hiyo ilipowekwa kwenye mashine iliyonunuliwa Ubelgiji, picha ilitoka bila rangi, kwa sababu Burundi ilitumia SECAM, mfumo wa rangi uliobuniwa Ufaransa, na Ubelgiji ilitumia PAL. Mtoto wa mwisho aliuliza kama zamani Burundi ilikuwa ya rangi ya kijivu, na ndugu yake akamweleza kwamba rangi zimo ndani ya mkanda, ila mashine haijui kuzisoma. Jibu hilo lilimpatia alama nzuri shuleni.

Tangu hapo watoto hao humpigia bibi yao wa Bujumbura kila Jumapili na kumuuliza maswali ambayo wazazi wao hawakuwahi kufikiria: mwimbaji alivaa nini, nani alisimama nyuma yake, jirani gani alikuja kutazama, na umeme ulikatika kwenye wimbo upi. Mtoto wa kati, anayependa orodha, amegundua kwamba bibi hana tarehe lakini ana matukio. Kuna kipindi anachokiweka kabla ya Papa Yohane Paulo wa Pili kuzuru Burundi, yaani kabla ya Septemba 1990. Kuna kingine anachokiweka baada ya Pierre Buyoya kutwaa madaraka, yaani baada ya Septemba 1987. Mtoto huandika tukio upande mmoja wa daftari na mwaka upande wa pili, kisha humwomba bibi athibitishe kwa jambo jingine la nyumbani, kama kuzaliwa kwa shangazi fulani.

Daftari hilo ndilo jibu kwa fomu. Mafundi, waimbaji na watazamaji wa miaka ya 1980 wangali hai wengi, Bujumbura, Brussels na kwingineko, na kila familia ya Kirundi ina mtu wa aina hiyo ambaye hajaulizwa. Akiulizwa kwa mpangilio huo, na majibu yakaandikwa pamoja na jina lake na siku ya mazungumzo, ofisi itapewa angalau makadirio ya tarehe iliyoidai, na itabidi ifungue ghala na kutafuta.