Mti wa Uani Una Mwenyewe Mwingine
Mti uko uani kwako, shoka unalo. Ngoja kwanza! Bloomsbury, mtaa wa vyuo vyetu hapa London, ni eneo la hifadhi. Kwa kawaida mti wenye shina linalozidi milimita 75, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, haukatwi wala haupogolewi kabla ya kuiarifu halmashauri ya Camden wiki 6 mbele. Halmashauri ikinyamaza hadi muda uishe, kata. Ikiuona mti una thamani, huutolea amri ya ulinzi. Hapo lazima kibali. Mkaidi hupelekwa mahakamani na kutozwa faini. Kwetu Kenya, marufuku ya 2018 ilihusu misitu. Hapa hata mti mmoja una mtetezi. Tuulize mapema: mti ukishaanguka, hakuna kibali cha kuusimamisha tena.