Kumtoa Mtu Katika Nyumba ya Familia

Kutoka milima ya Mbinga hadi Liuli na Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nyumba nyingi za familia zimebaki na jina la marehemu. Baba alijenga, akafariki, na ndani akabaki mpwa au shemeji aliyepewa hifadhi ya muda, naye hataki kuondoka.

Kisheria, anayeisemea nyumba ya marehemu ni msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo humpendekeza na kuandika muhtasari wenye saini za ndugu. Mara nyingi Mahakama ya Mwanzo ndiyo humteua. Mtoto akifungua shauri kwa jina lake, hata akiwa kifungua mimba, huweza kulipoteza kabla shahidi hajasimama.

Aliyekaribishwa hawi mmiliki kwa kukaa sana. Mahakama ya Rufani imelisema hilo zaidi ya mara moja. Hata hivyo ukimya una hatari, kwa kuwa muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Mgeni anayelima maharage kwenye ngoro (mashimo ya kilimo cha milimani) za mwenyeji hujulikana na majirani kuwa mgeni. Akiachwa apande mikahawa, miaka ikapita bila mtu kumuuliza, majirani haohao huanza kumtaja kama mwenye shamba, na barazani ushahidi wao una uzito.

Mjane si mgeni. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimzuia hata mumewe kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yake. Mashemeji wanaomtolea vyombo nje baada ya arobaini wanafanya dhuluma, hata wakiipa jina la mila.

Mazungumzo ya ukoo yakishindikana, mgogoro hupelekwa Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, baraza hilo husuluhisha tu, halitoi hukumu. Likithibitisha kwa hati kuwa limeshindwa kusuluhisha, msimamizi huenda na hati hiyo kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila suluhu, anaweza kwenda hata bila hati. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu, Songea, ndani ya siku 45.

Hukumu pekee haimpi mshindi ruhusa ya kuvunja mlango. Mshindi huomba hukumu ikaziwe, yaani itekelezwe, na dalali wa baraza ndiye humtoa mkaaji. Ndugu wanaong'oa mabati usiku kabla ya amri hiyo huweza kushtakiwa kwa kuharibu mali, huku mkaaji akibaki ndani.